Nibebe saa ya zamani kila siku, au niifungie kabatini?

Fundi, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ila kuandika ndiyo mara ya kwanza. Nina saa za mfukoni tatu na mvutano mmoja nyumbani, na nimeona niulete kwako kabla haujawa mkubwa.

Ya kwanza ni ya fedha, nzito, ya Kiingereza, ile aina inayotiwa ufunguo kwa ufunguo mdogo wa pembeni. Ilikuwa ya baba yake babu, ikamfikia babu, na babu akanipa mimi kwa mkono wake. Ndani ya kifuniko cha nyuma ina mihuri midogo, mmoja wa simba anayetembea. Ya pili ni Waltham ya Kimarekani, ya vito 17 (vile vijiwe vigumu ambamo ncha za magurudumu huzungukia), uso mweupe na tarakimu nyeusi nene, niliinunua kwa mzee aliyekuwa anapunguza vitu vyake. Ya tatu ni ndogo, ya rangi ya dhahabu, ina kifuniko cha mbele kinachoruka ukibonyeza kifundo. Kwa urembo, hiyo ndiyo inayonimaliza.

Nimechoka kuzitazama tu. Nataka nitembee nazo kazini na safarini, na kwa muda sasa nimekuwa nikizibadilisha, leo hii kesho ile. Mke wangu hapendi. Anasema kitu kilichovuka miaka mia hakitupwi mfukoni pamoja na funguo na simu, na kwamba mwenye simu hahitaji saa nyingine. Fundi niliyempelekea ya babu naye aliniambia niiviringishe kitambaa niiweke kabatini, hakusema sababu. Sasa hata Waltham imeanza visa. Ilikuwa haipishani na simu hata kwa dakika moja kwa siku, lakini wiki hii inakimbia karibu robo saa kila siku. Mke wangu ameona huo ndio ushahidi wake.

Naomba unijibu bila kunionea haya. Kuzibeba ni kuziua? Kama si kuziua, nibebe ipi? Waltham imepatwa na nini? Na nikitaka kuongeza ya nne, nitafute ya namna gani?

Ni mimi,
Mpenda saa

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na Waltham, kwa sababu nadhani haina ugonjwa mkubwa. Saa iliyokuwa inakwenda vizuri ikaanza ghafla kukimbia robo saa kwa siku, na mke wako analalamika inakaa mfuko mmoja na simu, kitu cha kwanza kushuku ni sumaku. Ndani ya saa yako kuna gurudumu la mizani linalokwenda huku na kurudi, mapigo 5 kwa sekunde, 18,000 kwa saa moja. Mwendo wake unashikwa na kamani ndogo ya chuma cha pua, utepe mwembamba kuliko unywele uliozungushwa duara ndani ya duara. Maduara hayo hayatakiwi kugusana. Kamani ikishika sumaku yanavutana na kushikana, na kamani iliyoshikana hufanya kazi kama iliyofupishwa: inalirudisha gurudumu upesi, na saa inakimbia. Spika ya simu ina sumaku. Kava za simu zinazojifunga zenyewe zina sumaku, na vifungo vya mikoba mingi pia.

Tafuta dira ndogo, ile ya sindano, uiweke juu ya kioo cha saa huku saa inapiga. Sindano ikicheza kwa mdundo uleule wa gurudumu, umepata jibu lako. Fundi saa yeyote aliyekamilika ana kifaa cha kuondoa sumaku, na kazi yenyewe haimalizi dakika. Ila nakusihi, usifungue nyuma ukaanza kusogeza kile kimshale chenye herufi F na S ili kuirudisha kwenye mstari. Kimshale hicho ni cha kurekebisha sekunde chache. Ukikitumia kuficha sumaku, siku sumaku ikitolewa utakuwa na saa inayochelewa vibaya mno na hutajua ulianzia wapi. Kama dira haionyeshi kitu, basi huenda mafuta yamefika kwenye kamani ndogo au imesogea mahali pake kwa mshtuko, na hapo ni kazi ya meza ya fundi, si ya mezani kwako.

Sasa swali lenyewe. Kubeba saa ya zamani si kuiua. Ilitengenezwa itembee na mtu. Kinachoiua ni vitu vitatu: kwenda bila mafuta, kuanguka, na unyevu. Saa iliyokaushwa mafuta ikiendelea kupiga inajisaga yenyewe kimyakimya, chuma kwa chuma, na mwenyewe anafurahi kwamba "bado inapiga". Hiyo inaumia kuliko ile iliyolala kabatini. Kwa hiyo mke wako amekosea kusema kubeba ni kumaliza, lakini amepatia kabisa kuhusu funguo, na amepatia zaidi kuhusu saa ya babu.

Mimi nikiulizwa ipi ibebwe, siulizi ipi nzuri wala ipi ya thamani. Nauliza: ikivunjika leo, kesho itatengenezeka? Swali hilo moja linazipanga saa zako zote tatu.

Tuichukue ya babu. Simba anayetembea ni muhuri wa Uingereza wa fedha ya kiwango cha 925 katika 1,000. Karibu naye utaona herufi moja peke yake. Hiyo ni herufi ya mwaka, na ukiilinganisha na muhuri wa mji ilikopimwa utaujua mwaka ambao kasha lilipigwa muhuri. Fanya hivyo, uandike, uweke pamoja na saa. Ni historia ya nyumba yenu. Lakini kwa ndani, saa nyingi za Kiingereza za namna hiyo zilipita mikononi mwa mafundi wengi, kila mmoja akichonga na kusugua kipande chake mpaka kikae kwenye saa hiyo moja. Kipande cha saa ya jirani yake hakiingii. Nyingi zina vilevile koni yenye mfereji wa kuzunguka na mnyororo mdogo sana, mfano wa ule wa baiskeli, unaovuta nguvu ya kamani kubwa, ile inayojazwa kwa ufunguo, ili isawazike tangu asubuhi mpaka usiku. Mnyororo huo ukikatika saa ikiwa imejazwa, unaweza kuumiza vipande vingine kabla hujajua kimetokea nini. Hakuna duka la spea zake. Kila kinachovunjika lazima kichongwe upya, na wanaojua kuchonga wamebaki wachache. Fundi wako hakukosea kukwambia uipumzishe. Alichokunyima ni maelezo.

Hata hivyo, kuipumzisha si kuizika. Isafishwe na kutiwa mafuta kwanza, kisha ikae mahali pakavu. Siku unayotaka kuisikia, iweke juu ya meza, uitie ufunguo taratibu, ipige. Hakikisha ufunguo unakaa sawasawa kwenye kijiti chake cha pembe nne. Ufunguo uliolegea hukwangua zile pembe mpaka siku moja unazunguka bure. Ukisikia inagoma upande mmoja, usilazimishe, jaribu upande wa pili. Watoto wako nao waione inapiga. Barabarani isiende.

Waltham ndiyo ya kubeba. Kampuni hiyo ilianza 1850 huko Massachusetts, na ilichokifanya kikageuza biashara nzima ya saa: vipande vilitengenezwa kwa mashine, kwa vipimo vinavyolingana, ili cha saa moja kiingie kwenye nyingine ya aina ileile. Elgin ikafuata 1864, Hamilton 1892. Walitoa saa kwa mamilioni, na maelfu kwa maelfu ya hizo hadi leo zinavuliwa vipande ili nyingine ziishi. Mhimili wa mizani wa saa yako, kipande kinachovunjika kuliko vyote, fundi anaweza kuupata ulivyotoka kiwandani.

Huo mhimili unastahili uujue. Ndio unaobeba gurudumu la mizani, na ncha zake mbili zinazoingia ndani ya vito zina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Gurudumu zima, pamoja na uzito wake, limekaa juu ya ncha hizo. Saa nyingi za baadaye zina vito vilivyowekwa juu ya springi ndogo inayomeza mshtuko. Incabloc, ulio maarufu kuliko mifumo mingine ya namna hiyo, ulitokea 1934. Saa yako haina kitu hicho. Ikitoka mkononi ikapiga sakafu, hata kioo kisipopasuka, ncha inaweza kukatika, na utaokota saa nzima isiyo na mkwaruzo ambayo haipigi. Ndiyo maana nitakusumbua sana kuhusu mnyororo hapa chini.

Ile sura yake nyeupe yenye tarakimu nene nayo ina asili. Aprili 1891 treni mbili ziligongana Kipton, Ohio, nchini Marekani, na ikaelezwa kuwa saa ya dereva mmoja ilikuwa imesimama dakika 4 kisha ikaendelea bila yeye kujua. Kampuni za reli zikamwita Webb C. Ball, muuza saa wa Cleveland, asimamie saa za wafanyakazi wao. Masharti yaliyotoka baadaye, 1893, yalikuwa makali: uso wazi usio na kifuniko, tarakimu zinazosomeka kwa jicho moja, vito visivyopungua 17, kurekebishwa ili iende sawa katika mikao 5, na isipotee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Vito 17 peke yake haviifanyi yako kuwa saa ya reli. Fungua nyuma utazame kama imeandikwa kuwa imerekebishwa kwa mikao 5. Tazama pia namna mishale inavyosogezwa. Ya reli huwezi kuisogeza kwa kuvuta kifundo. Unafungua fremu ya kioo, unavuta kijichuma chembamba kilichofichwa ukingoni mwa uso, unaweka saa, unakirudisha. Waliogopa mtu asije akavuta kifundo mfukoni na kuharibu saa ya treni nzima. Yako hata kama si ya daraja hilo, imetoka kwenye ukoo uliotengenezwa kutikiswa juu ya injini ya moshi, na nakuhakikishia basi halitaishinda.

Ile ndogo ya dhahabu, fungua vifuniko usome ndani. Ukiona maneno ya dhamana ya miaka 10, 20 au 25, basi si dhahabu tupu. Ni tabaka la dhahabu lililobanwa juu ya chuma kingine, mara nyingi shaba nyeupe au njano, na miaka ile ilikuwa ahadi ya tabaka hilo kudumu. Si kitu cha kudharau. Ila ukiisugua kwa dawa za kung'arisha unaondoa dhahabu yenyewe, na mfuko wenye mchanga au sarafu unafanya hivyohivyo polepole, ukianzia kwenye kingo. Hiyo iwe ya siku za utulivu.

Na kifuniko chake, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo saa nyingi za aina hii zinapoharibikia. Watu hukifunga kwa kukibana mpaka kilie "ta!", wakaipenda sauti hiyo. Kila mlio ni ulimi mdogo wa chuma unaopanda juu ya ukingo laini wa kifuniko na kuukwangua. Baada ya miaka ukingo unaisha, na kifuniko kinabaki kinaning'inia. Bonyeza kifundo kwa kidole gumba, ulimi urudi ndani, shusha kifuniko kwa kidole cha pili mpaka kikae, halafu ndiyo uachie kifundo. Hakitalia hata kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa namna ya kubeba. Itie ufunguo asubuhi, wakati uleule kila siku, mpaka usikie imekaza, uache hapo. Watu wanaogopa kwamba saa "ilijazwa kupita kiasi ikafa". Saa iliyojaa na haipigi ni chafu au imevunjika, haikuuawa na vidole vyako. Kuitia asubuhi kuna faida nyingine: kamani inakuwa na nguvu yake nzuri wakati wa mchana, saa inapotikiswa zaidi, na inayokwenda saa 30 na ushee haitakuzimikia njiani.

Ipe mfuko wake peke yake. Si funguo, si sarafu, na simu iende upande wa pili wa mwili. Suruali ya jinzi ina kile kimfuko kidogo cha kulia juu ya mfuko mkubwa. Watu wanaweka humo chochote, lakini kimekuwapo kwenye suruali za Levi Strauss tangu 1873, na kazi yake ilikuwa kubeba saa. Pima kabla hujaamini. Saa za Marekani zinahesabiwa kwa saizi, na ya saizi 16 ina mashine ya milimita 43 hivi. Ukiongeza kasha, inakaribia 50, na vimfuko vya siku hizi vingi vinaikataa au vinaibana. Saizi 12 inaingia vizuri zaidi. Ukivaa kizibao, hapo ndipo nyumbani kwake: kijiti cha mwisho wa mnyororo kinapita kwenye tundu la kitufe, saa inakaa mfukoni wima, kifundo juu.

Mnyororo si pambo. Kabla ya kutoka, uvute kwa nguvu kidogo upande wa nguo na upande wa saa, utazame kama pete zake zimefunguka. Pete ikionyesha mwanya, ibanwe siku hiyohiyo. Unapoitoa mfukoni kusoma, shika kasha lenyewe kiganjani, usiivute kwa mnyororo ikaja inabembea. Kuivaa na kuivua, fanyia juu ya kitanda.

Usiku itundike wima kwenye kijiegemeo, mkao uleule wa mfukoni, kwa sababu saa hubadilisha mwendo kidogo ikilala chali. Ukitaka kuirekebisha bila zana, hilo ni jambo la kuchezea: iliyokuwa inakimbia kidogo ikiwa wima inaweza kujisawazisha ikilala usiku, au kinyume chake. Jaribu uandike. Mvua ikianza, saa iingie ndani ya nguo au ibaki nyumbani. Hakuna mpira wa kuzuia maji popote katika kasha hilo. Jasho nalo ni maji, tena ya chumvi. Siku ya kazi nzito ya mwili usiibebe.

Kila baada ya miaka 4 au 5 ifumuliwe yote, ioshwe, itiwe mafuta. Si kupuliziwa mafuta kwa juu! Fundi akikwambia atakudondoshea tone bila kuifumua, mshukuru uondoke na saa yako.

Kuhusu ya nne. Tafuta saizi 12 au 16, uso wazi, ya kampuni iliyotoa saa nyingi. Molnija ya Chelyabinsk, iliyoanza kutengenezwa 1947 katika Urusi ya Kisovieti, nayo ni saa ya kazi isiyo na makuu, na kwa mtu anayeogopa kubeba kitu cha karne ya nyuma ni mwanzo mzuri. Ukiishika, izungushe taratibu mkononi: gurudumu la mizani lianze lenyewe, lizunguke kwa upana, lisitetemeke mahali pamoja. Jaribu kusogeza mishale. Inamisha uso wa enameli kwenye mwanga wa pembeni, nyufa nyembamba zitajitokeza. Si dhambi, ila zishushe bei. Ukiona tarakimu zimepakwa rangi nene ya kijani iliyoingia kahawia, ya kung'aa gizani, muulize muuzaji kama ni radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Rangi hiyo ikiacha kung'aa radiamu haijaisha. Nusu yake tu ndiyo inayopotea kwa miaka 1,600. Usiifungue, usiikwangue, na kwa mtu anayeanza, iache kwa muuzaji.

Halafu usidanganywe na namba ya kwenye kasha. Wamarekani mara nyingi waliuza mashine peke yake na kasha peke yake, mnunuzi akachagua, na makasha yamebadilishana mashine kwa zaidi ya miaka mia. Namba inayokwambia umri na aina ni ile iliyochorwa kwenye bamba la mashine yenyewe. Kwa hiyo kabla hujatafuta ya nne, fungua Waltham yako uinakili namba hiyo. Ukijua aina yake, pesa ya kwanza ningeitumia kununua mashine nyingine ya aina hiyohiyo, hata iliyokufa, hata isiyo na kasha, iwe spea. Mweleze mke wako kuwa hiyo si saa ya nne; ni mhimili, vito na kamani vya ile utakayoibeba kila siku. Na ukinitumia namba hiyo pamoja na kinachosomeka kando yake, nitakwambia ni mhimili gani wa kumwagiza fundi wako.